Mama ametokwa na kidonda akiwa katika nyumba ya wazee hapa Marekani: nitajuaje kama anatunzwa ipasavyo, na nianzie wapi?

Mwana wa Chumbageni, Minnesota

Salaam kwenu nyote. Nina jambo linaloninyima usingizi, na naamini wengi humu wamelipitia, ama kwa kuwa na mzazi katika nyumba ya kulelea wazee, ama kwa kufanya kazi humo.

Mama yangu ana miaka 78. Nilimleta kutoka Tanga baada ya baba kufariki, na kwa miaka tisa tumekaa naye nyumbani kwetu vizuri tu. Mwezi wa tano alipata kiharusi kilichomwacha na udhaifu upande wote wa kulia. Alilazwa hospitali siku kumi na moja, kisha tukaambiwa kwamba hawezi kurudi nyumbani kwa sasa, kwa sababu anahitaji watu wawili wa kumnyanyua na mazoezi ya viungo kila siku. Tulipewa orodha ya nyumba za wazee na siku moja ya kuchagua. Tukachagua iliyo karibu na kazini kwangu, yenye sakafu inayong'aa na maua mapokezini, na leo najilaumu kwa kuchagua kwa macho.

Kwa kawaida huenda kumwona jioni nikitoka kazini. Jumapili ya juzi nilifika saa tatu asubuhi bila kutarajiwa. Nilimkuta amelala chali, shuka limelowa, na gilasi ya maji imewekwa juu ya meza upande wa kulia, yaani upande ule ule ambao mkono wake haufanyi kazi. Barafu iliyokuwamo ilikwisha kuyeyuka na hakuna hata tone lililonywewa. Nilipomgeuza ili nibadilishe shuka, nikaona juu kidogo ya makalio, pale penye mfupa, doa la zambarau lenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, na katikati yake ngozi imechubuka. Nesi niliyemwita alifungua kumbukumbu na kunionyesha kwamba siku mbili kabla ngozi ilikaguliwa na kuandikwa kuwa ni nzima. Mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba panamuuma tangu Jumatano, ila hakujua amwambie nani, wala aliseme vipi kwa Kiingereza.

Jambo la pili limeniuma zaidi ya kidonda chenyewe. Katika karatasi za huduma imeandikwa mara nne kwamba mkazi "amekataa kuoga". Nilipomuuliza, alijifunika uso kwa mtandio. Anayekuja kumwogesha ni kijana wa kiume, na mama, ambaye maisha yake yote hajavuliwa nguo na mwanamume asiye mumewe, aliona afadhali akae bila kuoga. Tena amepunguza kunywa maji kwa makusudi, ili asibadilishwe nepi mara nyingi na kijana huyo. Sisemi kwamba kijana ni mbaya, maana mama mwenyewe anasema ana adabu. Ninachosema ni kwamba neno "amekataa" limeandikwa mara nne na hakuna hata mmoja aliyeuliza sababu.

Kaka yangu mkubwa aliyeko Tanga ananiuliza kila siku, kwenye kundi la familia, kwa nini nimemtupa mama kwa watu baki, na sina jibu. Naomba kujua kwa wenye uzoefu: ni mambo gani hasa yanayoonyesha kwamba nyumba inatunza wazee kwa usalama, sheria inanipa haki gani, na je, nikilalamika, mama hatalipiziwa nisipokuwepo?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole sana, dada. Mimi ni nesi, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika nyumba za aina hiyo. Kabla ya kugusia sheria naomba tushughulike na kidonda, kwa sababu kidonda hakisubiri kikao.

Ulichokiona ni kidonda cha mgandamizo. Mtu akilala au kukaa upande mmoja kwa muda mrefu, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu ikashindwa kupita, na nyama hiyo ikaanza kufa. Vidonda hivi hupangwa kwa hatua nne. Katika hatua ya kwanza ngozi bado ni nzima lakini imebadilika rangi. Katika ya pili imechubuka au imetoa lengelenge. Ya tatu ni shimo linalofika kwenye mafuta. Na ya nne imefika kwenye msuli au mfupa. Tatizo ni kwamba hatua ya kwanza hufundishwa kuwa ni wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole, na katika ngozi nyeusi kama ya mama zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa. Ndiyo maana mtu anaweza kumkagua mama yako kwa nia njema, mwanga ukiwa hafifu, akaandika "ngozi ni nzima". Kwa ngozi yetu inabidi mkono ufanye kazi ya jicho: shika pale penye mfupa ulinganishe na pembeni, usikie kama pana joto au baridi kuliko kwingine, kama pamekuwa pagumu au pamelegea, na umuulize mwenyewe kama panauma. Doa la zambarau juu ya mfupa lisichukuliwe kuwa mchubuko wa kawaida, kwani huenda nyama ya ndani imeumia kabla ngozi ya juu haijafunguka.

Kesho dai kwamba kidonda kipimwe kwa sentimita na kuandikwa, daktari ajulishwe, na kuwe na ratiba ya kumgeuza iliyo wazi, ambayo kwa wagonjwa wengi walio kitandani ni kila baada ya saa mbili, usiku ukiwemo. Visigino visiguse godoro; mto huwekwa chini ya ndama za miguu ili visigino vining'inie. Kwenye kiti cha magurudumu awe na mto maalumu, na asikalishwe hapo tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana bila kusogezwa. Najua kwetu mkono hukimbilia mafuta ya nazi na kukanda. Usikande pale penye mfupa, kwa sababu nyama iliyokwisha kuumia inazidi kuumizwa, na usinunue ule mto wenye tundu katikati, maana unabana damu pande zote. Halafu uliza uzito wake siku alipoingia na uzito wake wa sasa. Mzee akipungua asilimia 5 au zaidi ndani ya mwezi mmoja bila kukusudia, hiyo ni hatari inayotakiwa kuchunguzwa, na kidonda hakiponi kwa mtu asiyekula wala kunywa.

Sasa swali lako la ubora. Kwa maoni yangu hakuna kinachoamua usalama wa mzee kuliko idadi ya mikono iliyopo katika kila zamu. Sheria ya shirikisho inataka nesi aliyesajiliwa awepo angalau saa 8 mfululizo kila siku, na muuguzi mwenye leseni awepo saa zote 24; zaidi ya hapo inasema tu kwamba wafanyakazi wawe wa kutosha. Mwaka 2024 serikali ilitoa kanuni iliyotaka kila mkazi apate angalau saa 3.48 za huduma ya uuguzi kwa siku, na kati ya hizo saa 2.45 zitoke kwa wauguzi wasaidizi. Mahakama ya shirikisho huko Texas iliibatilisha Aprili 2025, na Julai mwaka huo huo Bunge likazuia utekelezaji wake hadi 2034. Kwa hiyo kazi ya kuhesabu mikono imebaki kwako. Kila nyumba inalazimika kubandika kila siku, mahali panapoonekana na wageni, idadi ya wauguzi na wasaidizi wa kila zamu pamoja na idadi ya wakazi. Itafute karatasi hiyo, uipige picha siku ya Jumatano na siku ya Jumapili, ulinganishe.

Ipo pia tovuti ya serikali iitwayo Care Compare, ambako kila nyumba hupewa nyota 1 hadi 5. Usiishie kwenye jumla ya nyota. Sehemu moja ya alama hizo inategemea kwa kiasi kikubwa taarifa ambazo nyumba zenyewe huziandika kuhusu wakazi wao, lakini nyota za ukaguzi hutokana na wakaguzi wa jimbo wanaofika bila kutoa taarifa, na nyota za wafanyakazi hutokana na orodha za mishahara, ambazo si rahisi kuzipamba. Soma hizo mbili kwanza, kisha angalia idadi ya wafanyakazi mwisho wa wiki. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho nayo lazima iwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa. Kila kosa ndani yake lina herufi kutoka A hadi L: kuanzia G kwenda mbele mkazi ameshaumia au yuko hatarini kuumia vibaya, na J, K na L maana yake ni hatari ya papo kwa papo.

Mtoto wa Mzee, Texas

Dada, nakuombea mama apate nafuu. Nitagusia lugha peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyotuponza sisi.

Baba yangu alifundisha Kiingereza sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini ugonjwa wa kusahau ulipomzidi, Kiingereza kilikuwa cha kwanza kumtoka. Alibaki na Kiswahili, na mwishoni na lugha ya kwao. Katika nyumba aliyokuwamo walianza kuandika kwamba jioni anahangaika, anapiga kelele na kujaribu kuinuka kwenye kiti, na wakamwanzishia dawa ya kumtuliza ambayo kwa kawaida hupewa wagonjwa wa akili. Nilipokwenda mchana alikuwa amelala, kidevu kifuani, mate yanamtoka. Siku moja nilikaa hadi saa moja usiku, ndipo nikayasikia hayo makelele kwa masikio yangu. Baba alikuwa akisema "choo". Neno hilo moja tu, tena na tena, huku akijaribu kusimama. Hakuna aliyemwelewa, na dawa ile ilimlegeza miguu, hata usiku mmoja alipojaribu kwenda peke yake akaanguka na kuvunjika nyonga.

Ndugu zangu, tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziwekewe onyo kali kabisa, kwamba zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Na sheria ya mwaka 1987, iliyotungwa baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu nyumba hizi, ilikataza kumfunga mzee kwa mikanda au kwa dawa kwa ajili tu ya kumwadhibu au kuwarahisishia wafanyakazi kazi. Una haki ya kuomba orodha ya dawa zote anazopewa mama yako na kuuliza kila moja ni ya nini, nani aliiandika, na lini itaangaliwa upya. Vilevile mkazi ana haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo dai mkalimani wa Kiswahili, hata kwa simu, kila daktari au nesi anapomchunguza. Usikubali wewe uwe mkalimani wa kudumu, kwa sababu kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanawe.

Sisi tuliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu: maji, choo, inauma, baridi, nigeuze, sitaki, asante, na mbele ya kila neno tafsiri yake na jinsi linavyotamkwa, tukaibandika juu ya kitanda. Wasaidizi waliipenda kuliko tulivyotarajia. Mmoja wao, mzee wa Kifilipino, alikuwa akiingia na kumwambia baba "shikamoo", na baba hakukosa kuitikia "marahaba" hata siku ambazo hakunijua mimi.

Kuhusu kamera: hapa Texas sheria inaruhusu familia kuweka kamera chumbani tangu 2001, na huko kwenu Minnesota inaruhusiwa tangu Januari 2020, kwa masharti ya kujaza fomu na kupata ridhaa ya mkazi na ya mwenzake wa chumba. Mimi ningeiweka siku ya kwanza.

Mlezi Kutoka Bukavu, Ohio

Nawasalimu wote kwa heshima. Miye ni CNA kwa miaka kumi na sita, yaani muuguzi msaidizi, na ndiye yule anayegeuza, anayelisha, anayebadilisha nepi. Naomba msikie upande wetu pia, si kwa kutetea uzembe, ila ili dada ajue pa kushika.

Sheria ya shirikisho inadai tupate mafunzo ya saa 75 tu kabla ya kuanza kazi, ingawa majimbo mengine yameongeza, na kisha angalau saa 12 za masomo kila mwaka. Jioni ya kawaida napewa wakazi kumi na watatu. Zamu ya saa nane, ukitoa nusu saa ya mapumziko, ni dakika 450. Zigawe kwa kumi na watatu: kila mzee anapata dakika kama thelathini na nne, na ndani ya dakika hizo nimlishe, nimpeleke choo, nimwogeshe kama ni siku yake, nimgeuze mara nne, nimvalishe nguo za kulala, na niandike yote kwenye kompyuta. Mama wa kiharusi kulishwa peke yake, ukimlisha polepole asipaliwe, ni dakika ishirini na tano. Akiwa ni wa kunyanyuliwa kwa mashine lazima tuwe wawili, kwa hiyo namwacha huyu, natoka kumtafuta mwenzangu, ambaye naye ameshikwa chumba kingine. Mwenzetu mmoja asipokuja kazini, wale kumi na watatu wanakuwa kumi na wanane. Siku hizo ndizo ratiba ya kugeuza hujazwa kwenye kompyuta mwisho wa zamu, kwa mkupuo. Naandika hili kwa aibu, kwa sababu nimeliona likifanyika, na kidonda cha mama huyu huenda kilianzia hapo.

Mwaka 2020 nilizika kwa macho wakazi ambao nilikuwa nimewalisha kwa miaka minne. Kufikia mwanzoni mwa 2022 korona ilikwisha kuua zaidi ya wakazi na wafanyakazi 200,000 wa nyumba za kulelea wazee katika nchi hii. Wengi wetu waliondoka baada ya hapo na hawakurudi.

Dada, omba mambo matatu yaandikwe katika mpango wa huduma wa mama yako, si kusemwa kwa mdomo tu, kwa sababu msaidizi wa kukodiwa anayeingia Jumapili kwa mara ya kwanza anasoma mpango, hasikii maneno ya Ijumaa. La kwanza, aogeshwe na kubadilishwa na wanawake. Hilo ni ombi la kawaida na nimeliona likikubaliwa mara nyingi, hata kwa akina mama wa Kimarekani. La pili, gilasi, kengele na simu viwekwe upande wa kushoto. Utashangaa ni mara ngapi kengele inaning'inia mahali ambapo mkono haufiki. La tatu, apangiwe wasaidizi wale wale kila mara iwezekanavyo, kwa sababu anayemwogesha mtu kila siku ndiye wa kwanza kuona doa.

Juu ya kamera sikubaliani kabisa na ndugu wa Texas, angalau kwa kuanzia. Mama anayeona haya kuvuliwa nguo mbele ya kijana mmoja, utamwekea jicho ukutani linalomtazama mchana na usiku, na picha ziko kwenye simu za watoto wake? Muulizeni yeye kwanza.

Mtoto wa Mzee, Texas

Mama yangu wa Bukavu, nimekuelewa, na kuhusu haya ya mama huyu una haki. Kwa baba yangu, ambaye hakuweza kueleza lolote, bado naona kamera ingeniokolea nyonga yake. Kwa mama mwenye akili timamu, yeye ndiye aamue.

Karani wa Familia, Massachusetts

Naongezea upande wa karatasi kwa kifupi, kwa sababu nimewasaidia jamaa kadhaa.

Nyumba ina saa 48 tangu mkazi aingie kuandaa mpango wa awali wa huduma, siku 14 kukamilisha tathmini kamili, na siku 7 baada ya hapo kukamilisha mpango kamili. Kisha tathmini hurudiwa angalau kila miezi mitatu. Mkazi na familia yake wana haki ya kushiriki katika kikao cha kuandaa mpango huo, na hali ikibadilika, kama ilivyobadilika kwa kidonda hiki, mnaweza kukiomba hata kesho. Omba kwa maandishi.

Kuhusu hofu ya kulipiziwa: sheria inakataza kumlipizia mkazi kwa sababu ya malalamiko, na kila nyumba lazima iwe na mtu maalumu wa kuyapokea. Nje ya nyumba yupo ombudsman wa huduma za wazee, yaani mtetezi wa wakazi, ambaye yuko katika kila jimbo, hatozi chochote, na hatoi siri ya mkazi bila ridhaa yake. Mpigie huyo kabla ya kikao, atakuja kukaa upande wenu. Idara ya afya ya jimbo nayo hupokea malalamiko na inaweza kutuma wakaguzi. Ikiwa kuna dalili ya kupigwa, kudhalilishwa au jeraha kubwa lisiloelezeka, usisubiri kikao chochote: nyumba yenyewe inatakiwa kuiripoti kwa jimbo ndani ya saa 2. Nyumba haiwezi kumtoa mzee kwa sababu mtoto wake analalamika. Sababu za kumtoa zimetajwa katika sheria, na kwa kawaida lazima apewe notisi ya maandishi ya siku 30, yenye maelezo ya jinsi ya kukata rufaa.

Jambo ambalo watu wetu hukosea ni sahihi za siku ya kuingia. Hairuhusiwi kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa deni kwa fedha zake mwenyewe ili mzazi apokelewe, na hairuhusiwi kulazimisha mkataba wa kutokwenda mahakamani. Kama uliusaini mkataba huo, una siku 30 za kuufuta. Kaitazame tarehe leo.

Mwana wa Chumbageni, Minnesota

Nimesoma kila neno mara mbili, na mume wangu amesoma pia. Nawashukuru kwa dhati, na wewe mama wa Bukavu nakushukuru kwa kusema ukweli ambao hukulazimika kuusema.

Nimefanya yafuatayo. Mkataba wa kutokwenda mahakamani nilikuwa nimeusaini bila kujua, na siku 30 zimepita kwa siku sita. Hilo limeniuma, lakini wengine wasome tarehe zao. Kidonda kimepimwa mbele yangu: sentimita 2 kwa 1.5, hatua ya pili, na nesi wa vidonda atakuja kila wiki. Uzito wa mama alipoingia ulikuwa kilo 61, na mwezi mmoja baadaye kilo 57. Nilipiga hesabu pale pale nikiwa nimesimama, nikaona imezidi asilimia 6, na nikamuuliza nesi mkuu kama daktari amejulishwa. Hakuwa amejulishwa. Alijulishwa mchana huo huo.

Ombudsman alinipigia siku ya pili. Kikao ni Alhamisi saa nne asubuhi, na mkalimani ameahidiwa. Kaka yangu atakuwepo kwa simu ya video kutoka Tanga, ambako itakuwa saa kumi na mbili jioni. Nimemwomba asikilize kwanza kabla ya kusema, na amekubali. Mama nilimuuliza kuhusu kamera akasema hataki, basi hilo limekwisha. Alichotaka yeye ni kanga zake mbili, moja ya kujitanda na moja ya kutandikwa chini ya kichwa, kwa sababu foronya za pale zina harufu ya dawa. Nimempelekea. Karatasi ya maneno nayo iko ukutani, na tangu jana anayemwogesha ni mama mmoja Mkenya wa zamu ya asubuhi, ambaye alikuwa upande wa pili wa jengo hilo hilo siku zote bila mtu kukumbuka kwamba anasema Kiswahili.

Karatasi ya wafanyakazi niliipata nyuma ya mlango wa mapokezi, imefunikwa na yale maua. Jumatano zamu ya asubuhi walikuwa wasaidizi watano kwa wakazi 44, na Jumapili walikuwa watatu. Picha zote mbili ninazo, na nitaziweka mezani Alhamisi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Vizuri sana, dada. Ukifika Alhamisi, kabla ya kuingia kikaoni, pitia chumbani kwanza umvue mama soksi na uguse visigino vyote viwili kwa mgongo wa mkono wako, hasa cha kulia.